Damu au Chungu? Habari ya Rovu na Akili za Watoto

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

 Natumaini mmekwisha kaa, taa imewashwa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Nawasalimu ninyi mlio katika darasa la Rujewa, na wenzenu wa Ubaruku, Igawa na Chimala, na wote mnaosikiliza katika Nyanda za Juu Kusini, tangu Mbeya mpaka Iringa. Mliotoka shambani sasa hivi na matope ya mpunga bado miguuni, poleni na kazi.

Somo letu la leo ni la historia. Si historia ya vita, wala si ya watemi. Ni historia ya swali moja. Mtoto amezaliwa. Akachelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Wenzake wakaenda shule, yeye akabaki nyuma. Je, sababu ni nini?

Watu wengi walikuwa na jibu la haraka. Walisema, "Ni ya ukoo ule." Wengine walisema mtoto ametupiwa jambo. Na mara nyingi lawama ilimwangukia mama. Wako wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo, na wako watoto waliofichwa ndani wageni walipobisha hodi.

Sasa tufikiri pamoja. Watu wa ukoo mmoja huchangia damu. Hilo ni kweli. Lakini huchangia na vitu vingine pia. Huchangia chungu kimoja, kisima kimoja, shamba moja na chumvi moja. Basi tukiona jambo limewapata watoto watatu wa nyumba moja, tutajuaje kama limetoka katika damu, au limetoka katika chungu? Swali hili limewashughulisha wataalamu wa dunia kwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu moja ya jibu lake imeonekana hapa hapa katika milima yetu.

UBONGO HUJENGWA LINI?

Kwanza tuelewe jambo moja. Ninyi wakulima wa mpunga mnajua kazi ya kitalu. Mbegu ikikosa maji ikiwa bado kitaluni, mche hutoka dhaifu. Ukiuhamishia katika jaruba lililojaa maji, utaendelea kuishi, lakini hautakuwa kama wenzake. Maji yamekuja, lakini yamekuja baada ya wakati wake.

Ubongo wa mtoto nao una kitalu chake. Kitalu hicho ni tumbo la mama, na baada ya hapo ni miaka miwili ya kwanza. Ubongo huanza kujengwa wiki chache tu baada ya mimba kutunga, mama mwenyewe pengine hajajua kuwa ni mjamzito. Mtoto akifika umri wa miaka miwili, ubongo wake umekwisha kupita robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo kitu kinachokosekana wakati huo huacha alama ya maisha. Likumbukeni neno hili, maana habari zote za leo zinalitegemea.

MAMA WA NORWAY

Habari ya kwanza ni ya damu. Tutaifuata mbali kidogo, mpaka nchi ya Norway, kaskazini mwa Ulaya, kisha tutarudi nyumbani.

Katika miaka ya 1930 alikuwako huko mama mmoja, jina lake Borgny Egeland. Alikuwa na watoto wawili, msichana na mvulana. Wote wawili walizaliwa bila kasoro ya kuonekana, lakini miaka ilipokwenda akili zao hazikukua. Mama akaona tena jambo jingine: watoto wake walikuwa na harufu isiyo ya kawaida, na mkojo wao ulikuwa hivyo hivyo. Akawaendea madaktari, mmoja baada ya mwingine. Hawakumpa jibu. Hakukata tamaa.

Mwaka 1934 akafika kwa daktari Asbjørn Følling, mjini Oslo. Daktari huyu alikuwa amesoma pia elimu ya kemia. Aliupima mkojo wa wale watoto kwa dawa iliyotengenezwa kwa chuma. Dawa hiyo ikitiwa katika mkojo wa kawaida, rangi hubaki ya hudhurungi. Mkojo wa watoto hawa uligeuka kijani. Daktari akashangaa. Akamwomba mama alete mwingine, na mwingine tena, akafanya kazi kwa wiki nyingi mpaka akakijua kitu kilicholeta rangi ile. Kisha akapima mikojo ya watu zaidi ya 400 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za wenye upungufu wa akili. Akapata 8 wengine wenye hali ile ile, na baadhi yao walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Maana yake nini? Mnaijua mashine ya kukoboa mpunga. Mpunga huingia juu, mchele hutoka huku, pumba hutoka kule. Sasa fikirini kuwa njia ya pumba imeziba, na watu wanaendelea kumimina mpunga. Pumba zitajaa ndani, mashine itaharibika. Mwili nao ni hivyo. Katika nyama, maziwa, maharage na nafaka mna kitu kiitwacho fenilalanini. Kitu hiki ni chema, na mwili unakihitaji. Katika ini yumo kama mfanyakazi mmoja, ambaye wataalamu humwita kimeng'enya, na kazi yake ni kukigeuza kitu hiki kinapozidi. Watoto wale walizaliwa bila mfanyakazi huyo. Fenilalanini ikajaa katika damu, ikaudhuru ubongo ukiwa bado unajengwa. Ugonjwa huo ukaja kuitwa fenilketonuria.

Ugonjwa huo hurithiwa. Lakini sikilizeni vizuri namna unavyorithiwa. Mtoto hupokea kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe ni wazima, kwa sababu kila mmoja ana fungu moja zima na fungu moja lenye kasoro, na fungu zima linatosha kufanya kazi. Hakuna kati yao aliyejua, na hakuna aliyekosa. Basi hata pale ambapo jambo limetoka katika damu kweli, si haki kumnyoshea kidole mama peke yake.

Sasa je, lililo katika damu haliponi? Hivyo ndivyo watu walivyodhani. Mwaka 1951, mjini Birmingham huko Uingereza, mama mwingine alikuwa na binti mdogo mwenye ugonjwa huo. Madaktari walijivunia kwamba wameutambua. Mama akawaambia kuwa kutambua hakumtoshi, anataka dawa. Akaja hospitali mara kwa mara, akauliza swali lile lile. Mwishowe daktari Horst Bickel na wenzake wakatengeneza chakula maalumu, kilichopunguzwa fenilalanini. Baada ya miezi michache mtoto aliyekuwa akilia mchana kutwa alinyamaza, akaanza kutambaa, akajaribu kusimama. Walipomrudishia kitu kile katika chakula ili wapate hakika, akarudi nyuma. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1953. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na upungufu wa akili, akavumbua kipimo rahisi: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, likaushwalo juu ya karatasi. Mtoto akigunduliwa katika siku zake za kwanza na kupewa chakula kinachomfaa, hukua na akili zake.

Kwa wale watoto wawili wa Norway msaada ulikuja baada ya wakati wake. Lakini maelfu ya watoto wameokolewa kwa sababu mama yao hakukubali kuambiwa "ndivyo walivyozaliwa."

Miongoni mwa Waafrika ugonjwa huo ni nadra sana. Nimewaeleza habari yake kwa ajili ya funzo lake. Ugonjwa ulitoka katika damu, lakini madhara yake yalizuiwa katika chungu.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe somo kidogo. Wanafunzi waseme kwa maneno yao wenyewe: mashine ya kukoboa imefananishwa na nini?)

MVUA, MILIMA NA BAHARI

Sasa turudi nyumbani. Kusini mwa Rujewa iko milima ya Kipengere. Huko ndiko zinakotoka Mbarali, Kimani na mito mingine inayonywesha mpunga wa Usangu. Maji hayo huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi.

Mvua inaponyesha milimani haichukui udongo tu. Huchukua na madini. Moja ya madini hayo ni lile tunaloliita madini joto. Kwa maelfu ya miaka mvua imekuwa ikiyaosha kutoka katika miteremko na kuyapeleka baharini. Ndiyo maana samaki wa baharini na mwani wanayo kwa wingi, na mahindi, viazi na maharage ya milimani yanayo kidogo. Mtu anaweza kuwa na shamba zuri, ghala limejaa, watoto wameshiba, na bado madini joto yakakosekana katika sahani zao.

Mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno. Ukiyakusanya yote yamtoshayo mtu mmoja kwa miaka 70, hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini kidogo hicho hakina badala yake. Mbele ya koo iko tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo. Tezi hii huyachukua madini joto kutoka katika damu na kutengeneza homoni, yaani mjumbe anayepeleka amri katika mwili wote: mifupa ikue, moyo upige, mwili upate joto, ubongo ujengeke. Madini yakipungua, tezi hujitanua ili iyanase yale machache yanayopita, kama mvuvi anayeongeza ukubwa wa wavu kwa sababu samaki wameadimika. Kutanuka huko ndiko tunakokuita rovu.

Rovu linaonekana na kila mtu. Madhara yaliyo makubwa kuliko rovu hayaonekani. Katika miezi ya kwanza ya mimba mtoto hana tezi yake inayofanya kazi. Hutumia homoni ya mama yake. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi na bubu, au miguu yake ikakakamaa, au akadumaa mwili na akili pamoja. Wapo pia ambao hawafikii hali hiyo. Hawa huonekana wazima, lakini huelewa somo polepole, huchoka upesi, na huitwa wavivu. Hao ndio wengi. Kijiji kizima chaweza kupungukiwa na akili kidogo kidogo, na asiwepo wa kulijua jambo hilo, kwa sababu kila mtu anafanana na jirani yake.

Hivyo katika milima watu waliona bibi ana rovu, mama ana rovu, na mjukuu ni bubu. Wakasema, "Ni ya ukoo." Macho yao hayakudanganyika. Kilichokosewa ni sababu.

JINSI CHANZO KILIVYOJULIKANA

Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliyapata madini haya katika majivu ya mwani wa baharini. Mwaka 1820 daktari Coindet wa mji wa Geneva, katika nchi ya milima ya Uswisi, akaanza kuwapa watu wenye marovu. Ikachukua miaka mia moja na zaidi watu kukubaliana juu ya njia iliyo rahisi. Mwaka 1922 Waswisi wakaanza kuyatia katika chumvi, kwa kuwa tajiri na maskini wote hula chumvi. Waswisi pia walikuwa na vijiji vyenye marovu na mabubu wengi, na huko pia wako waliosema kuwa ni urithi wa damu. Damu yao haikubadilishwa. Ilibadilishwa chumvi, na watoto wa namna ile wakakoma kuzaliwa.

Hata hivyo wataalamu walitaka kuhakikisha habari ya ubongo. Mwaka 1966, katika milima ya Papua New Guinea, daktari Peter Pharoah na wenzake walizigawa familia mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa sindano ya mafuta yenye madini joto, na fungu la pili sindano ya maji ya chumvi. Miaka ilipopita wakawachunguza watoto waliozaliwa, kama 500 kila upande. Katika fungu lililokosa madini, watoto 26 walikuwa na udumavu ule mkubwa. Katika fungu lililopata, walikuwa 7, na katika hao 7, mama wa 6 walikuwa wamekwisha kushika mimba siku ile walipochomwa sindano. Umeona, msikilizaji? Milima ni ile ile, watu ni wale wale, damu ni ile ile. Na habari ya kitalu ikathibitika: madini lazima yawemo mwilini mwa mama kabla ya mimba.

Hapa jirani zetu, katika kisiwa cha Idjwi kilichomo ndani ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, madaktari Wabelgiji akiwamo François Delange walifanya utafiti katika miaka ya 1960. Waliona kuwa madini joto yamepungua kisiwa kizima, lakini marovu yamejaa upande wa kaskazini kuliko upande wa kusini. Wakatafuta sababu katika chungu, wakaipata katika mihogo. Mihogo isiyoondolewa sumu vizuri huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kupata madini yale machache. Kwa hiyo desturi ya kuloweka mihogo na kuianika vizuri juani, tuliyofundishwa na bibi zetu, ina faida kubwa.

HABARI YA NCHI YETU

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika makundi kama ninyi mlivyokaa leo, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walishiriki. Mwaka huo huo iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na moja ya kazi zake ikawa kulishughulikia jambo hili la marovu. Wataalamu walikwenda shuleni, wakawapanga watoto mstari, wakazigusa shingo zao moja moja. Ilionekana kwamba katika miaka ya 1980 mtu mmoja katika kila wanne nchini alikuwa na rovu. Milimani hali ilikuwa mbaya zaidi, na wilaya za kwetu huku, kama Makete, Njombe, Ludewa na Rungwe, zilikuwa miongoni mwa zilizoumia.

Kutia madini katika chumvi ya nchi nzima ni kazi inayotaka mitambo, sheria na ukaguzi. Watoto hawangeweza kungoja. Kwa hiyo tangu mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990, vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zaidi ya 20 zenye upungufu mkubwa. Kidonge kilikusudiwa kutosha kwa muda wa miaka miwili hivi. Mara nyingi mzunguko wa pili ulichelewa, na wako watoto ambao mimba zao zilitunga wakati kidonge cha mama kimekwisha nguvu.

Kuchelewa huko kuliwapa wataalamu njia ya kulinganisha. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walitoa utafiti wao. Waliwatazama watoto wa Tanzania ambao mama zao walikuwa na kinga wakati wa mimba, na wale ambao mama zao hawakuwa nayo. Wakasema kuwa wale waliokingwa walifika mbele shuleni kwa karibu theluthi moja ya mwaka mpaka nusu mwaka kuliko wenzao, na wasichana walifaidika zaidi. Wataalamu wengine waliozipitia tena hesabu hizo hawakuiona faida hiyo waziwazi kama wao. Ndivyo elimu inavyokwenda: mmoja hupima, mwingine hupima tena. Lakini kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji madini haya, hilo halina ubishi.

Katikati ya miaka ya 1990 ikafuata kanuni ya kutaka chumvi ya kula itiwe madini joto kabla ya kuuzwa. Matokeo yalipimwa mwaka 2004, walipochunguzwa watoto wa shule zaidi ya laki moja katika nchi. Rovu, lililokuwa kwa watu 25 katika kila 100, lilikuwa limeshuka hadi kwa watoto 7 hivi katika kila 100. Nyumba kama 84 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Nani alibadilisha damu ya watu hawa katika miaka 20? Hakuna. Kilichobadilika ni chumvi ya chunguni.

NA YALE YA DAMU YALIYOKO KWETU?

Msije mkasema kuwa mwalimu wa redio amefundisha kwamba hakuna magonjwa ya kurithi. Yapo, na yapo kwetu pia.

Wako watoto wachache wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi, hata kama mama amekula chumvi iliyo bora. Baadhi yao wameirithi kasoro hiyo. Wakigunduliwa mapema na kupewa homoni kila siku, ubongo wao hujengeka vema.

Liko na jambo jingine, ambalo ni la kawaida zaidi katika Afrika ya Mashariki. Ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu. Mwaka 1960 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya kupima watu wa makabila mbalimbali ya Afrika ya Mashariki. Upungufu huo ulikuwa mwingi zaidi kule kwenye malaria nyingi, kwa sababu unampa mtu kinga kidogo. Mvulana huurithi kutoka kwa mama, na wavulana ndio hupatwa zaidi. Wengi huishi nao bila kujua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo anaweza kugeuka rangi ya manjano macho na ngozi, na ile manjano ikizidi hupanda ubongoni na kumwacha kiziwi au mlemavu.

Hapa tena jibu halikutoka katika damu. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wachanga nje wapate jua. Siku moja alimwonyesha daktari mtoto ambaye ngozi yake imepoteza umanjano, isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Kutokana na jicho la muuguzi huyo ikaja taa ya kutibu manjano, ambayo hospitali hutumia. Lakini jua la uani halitoshi kuwa dawa. Mkiona mtoto mchanga ana manjano, hasa siku ya kwanza ya kuzaliwa, au hanyonyi, au amelegea, mpelekeni hospitali siku ile ile. Tena msiweke nguo zake pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza nondo na mende. Vyaweza kuivunja damu ya mtoto mwenye upungufu huu.

KAZI YETU NYUMBANI

Basi somo limekwisha kutufikisha mezani kwetu. Mkinunua chumvi, tazameni maandishi ya pakiti. Leo mnajua kusoma, na hii ni faida moja ya kusoma. Tafuteni neno "madini joto." Chumvi ya kupima kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi haina maandishi, na hamwezi kujua ina nini. Iwekeni chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moshi wa jiko, maana madini hayo hupotea. Msiioshe. Itieni chakula kinapokaribia kuiva. Wala msizidishe chumvi kwa kudhani mtapata akili nyingi. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu, na kidogo chenye madini kinatosha. Zaidi ya yote, msingoje mimba. Msichana anayekula chumvi nzuri leo anaandaa kitalu cha mtoto ambaye hajatungwa.

Nina neno la mwisho. Katika darasa hili pengine yuko mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kuumia. Kwake madini joto ya leo hayatarudisha yote yaliyopotea tumboni, na sitamdanganya. Lakini mtoto huyo hana kosa, na mama yake hana kosa. Mtoeni ndani. Mfundisheni anachoweza, kazi kwa kazi, neno kwa neno. Na jirani akisema "ni ya ukoo," mwulizeni kwa upole: wewe umejuaje kama ni damu, au ni chungu?

Wasikilizaji wapenzi, hapo ndipo mwisho wa somo la leo.  

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Watu wa ukoo mmoja huchangia damu. Tajeni vitu vinne vingine wanavyochangia.
2. Kwa nini mche ulionyimwa maji kitaluni unafanana na mtoto aliyekosa madini joto tumboni?
3. Kwa nini udongo wa milimani una madini joto machache kuliko bahari?
4. Ugonjwa wa watoto wa Norway ulikuwa wa kurithi. Ulizuiwa namna gani baadaye?
5. Kila mwanafunzi alete pakiti ya chumvi ya nyumbani kwake. Someni maandishi yake kwa sauti. Ni nyumba ngapi zina chumvi yenye madini joto?

MANENO YA KUKUMBUKA

Rovu: uvimbe wa tezi mbele ya koo.
Madini joto: madini ambayo tezi ya shingo huyatumia kutengeneza homoni.
Homoni: kitu kinachotengenezwa na tezi na kupeleka amri katika mwili.
Kimeng'enya: kitu ndani ya mwili kinachofanya kazi ya kugeuza kitu kimoja kuwa kingine.
Kurithi: kupokea kutoka kwa baba na mama kwa kuzaliwa.